Nakwenda harusini Tanga, na mpishi wa pilau ni rafiki niliyemkimbia

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Niliondoka 2011 na sasa naishi Leicester, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwezi ujao narudi nyumbani kwa siku 15. Mdogo wetu wa mwisho anaoa, kijana niliyembeba mgongoni hadi akaanza kutembea. Harusi ni Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Mara ya mwisho kukanyaga Tanga ilikuwa 2018.

Kuna linalonikera na kuna linaloniuma. Nimekaa nalo muda ndipo nikatambua kwamba si kitu kimoja.

Linalonikera ni kamati. Mwenyekiti ni baba mdogo. Kikao cha kwanza kilifanyika mimi niko zamu, na nilipofungua simu nikakuta nimeshaingizwa kwenye grupu la harusi, watu 64, orodha ya ahadi imebandikwa. Jina langu ndilo la kwanza: "Dada UK, 5,000,000." Hakuna aliyeniuliza. Bajeti ni milioni 18, wageni 250. Mapambo milioni tatu, MC na muziki milioni moja na nusu, halafu kuna laki sita za droni. Sijui hiyo droni itapiga nini, maana ukumbi una paa. Nikiandika "jamani, tuzungumze", ananijibu binamu mmoja kwa kikaragosi cha kucheka na ndege. Mama namtumia fedha kila mwezi, na hilo halihesabiwi popote. Hata viza nimelipia dola 50, kwa sababu nilichukua pasi ya Uingereza na kwetu uraia wa nchi mbili haupo. Nimelipa kiingilio kwenda kwenye harusi ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa linaloniuma.

Tangu sekondari tulikuwa marafiki wanne. Watatu wako Tanga, mimi ndiye niliyevuka bahari. Mmoja wao tulikaa dawati moja miaka minne, na kwao nilikula kuliko nilivyokula kwetu. Mama yake aliuza vitumbua na maharage ya nazi barazani asubuhi. Sisi wawili tulipewa vile vya mwisho, vilivyoungua pembeni, tukavila njiani kwenda shule. Nilipopata safari, mama yule alinifungia noti kwenye pindo la kanga, elfu ishirini. Najua zilivyopatikana, kitumbua kimoja kimoja.

Januari 2021 yule mama alifariki. Ujumbe ulinifikia saa tisa usiku nikiwa kazini. Uingereza ilikuwa imefungwa tena kwa korona, na kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tulikuwa tumepoteza sita ndani ya majuma mawili. Nikasoma, nikarudisha simu mfukoni, nikajiambia nitapiga asubuhi nikiwa na sauti. Asubuhi nikalala. Siku ya tatu nikaona aibu kwamba ni siku ya tatu. Arobaini ilipopita nikaona aibu kubwa zaidi. Sikupiga, sikuandika, sikutuma hata shilingi. Na wiki hizo hizo niliweka picha ya mwanangu na keki ya kuzaliwa, na jina la rafiki yangu nikaliona kati ya waliotazama.

Hakunigombeza. Alitoka kwenye grupu letu la wanne bila neno, basi.

Amekuwa mpishi wa shughuli sasa, pilau yake inasifika, na baba mdogo amempa kazi ya harusi yetu. Hao marafiki wawili waliobaki wamefurahi kupita kiasi. Wameshapanga kwamba siku ya ukumbini MC ataniita mbele, kisha atamwita na yeye kutoka jikoni, tukumbatiane watu wakishangilia na muziki ukipigwa. Kesho yake twende Raskazone sote wanne tukale samaki, bili yangu.

Mama yangu anasema niache mpaka shughuli iishe. Msiba hauchanganywi na harusi, nitamletea kijana nuksi. Tena anasema, "Mimi nilikwenda, nikalala pale siku tatu. Nilikuwakilisha."

Bi Mkubwa, nimsikilize mama? Nikubali mpango wa MC? Na hizo milioni tano nizitoe ili niingie mjini kwa amani?

Dada wa bwana harusi,
Leicester

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya kupata mke ndani ya nyumba yenu.

Umetenganisha vizuri kero na maumivu, kisha ukaanza na kero. Sote ndivyo tulivyo. Mimi nitaanza na maumivu.

Kabla ya yote, leo hii, kabla hujalala, wapigie hao marafiki wawili na mpango wa MC ufe. Najua wana nia njema. Lakini jione pale: wewe umevaa sare ya dada wa bwana harusi, umepakwa hina mpaka kwenye kiwiko. Mwenzako anatolewa jikoni amejifunga kanga iliyoingia moshi, jasho linamtiririka, mikono inanuka bizari, na anatakiwa atabasamu mbele ya watu 250 kwa ajili ya mtu aliyemuacha alie peke yake. Akikataa, ameharibu harusi ya watu. Akikubali, amelazimishwa. Na wewe hutajua maisha yako yote kama ulisamehewa au mlipigwa picha tu. Wakisisitiza, waambie utakaa kitako usiinuke. Na ongea na MC mwenyewe pia, maana ma-MC wa siku hizi ukiwaachia kipaza sauti hawana breki.

Sasa mama yako. Naandika kwa adabu, maana huenda ni rika langu na huenda atasoma.

Mama hakukosea kwamba kilio hakipelekwi kwenye shughuli. Lakini wewe hukusudii kulia ukumbini. Unakusudia kumpa pole mfiwa, nyumbani kwake, kabla ngoma haijalia. Hapo pana nuksi gani? Nuksi ninayoiona mimi iko upande wa pili: ukingoja mpaka shughuli iishe, atakuwa ameshasimama juu ya moto usiku kucha kukupikia furaha yako, na wewe bado hujamwambia neno juu ya kilio chake. Ukija siku ya pili yake na bahasha, itafanana na bakshishi ya mpishi.

Na hilo la kuwakilishwa. Mama aliiwakilisha nyumba yenu, na aliiwakilisha vizuri, kulala matangani siku tatu si mchezo kwa mtu mzima. Mshukuru kwa hilo, nahisi hujamshukuru. Ila mama hakukaa dawati moja na yule. Vitumbua vya kuungua hakuvila yeye.

Lakini angalia alichokifanya rafiki yako. Mpishi mwenye jina hakosi kazi, sembuse Mfunguo Mosi na Pili, watu wanapofidia Ramadhani nzima isiyo na harusi. Rafiki yako angeweza kumwambia baba yako mdogo, "Siku hiyo nimeshashikwa," na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Hakusema hivyo. Sisemi amekusamehe. Inawezekana amekubali kwa heshima ya mama yako aliyelala kwao, inawezekana amekubali kwa sababu ada ya shule inakaribia. Ninachojua ni kwamba amekubali kuingia uani kwenu akijua wewe utakuwepo.

Kwa hiyo nenda. Na namna ya kwenda nikueleze kidogo, maana miaka kumi na tano ya Leicester inasahaulisha mambo.

Siku ya kwanza haifai. Utakuwa umeshuka stendi ya Kange na mwili mzima wa basi, kutoka Mbezi ya Dar mpaka huko ni kilomita kama 350, miguu imevimba, na nyumba imejaa watu wanaotaka kukushika mashavu. Siku ya pili ni ya wakubwa: bibi kama yupo, baba mdogo, mashangazi. Usiwaruke. Ukimtangulia rafiki kabla ya baba mdogo, hiyo habari itafika kwenye kamati kabla ya wewe kurudi nyumbani. Siku ya tatu, asubuhi, kama saa nne, wakati ambao si wa kula.

Ila usimpigie simu kumwambia unakuja. Mkizungumza kwa simu mtasalimiana vizuri sana, mtaulizana watoto, mtaagana, na mambo yataishia hapo mkiwa mmeshaokoka nyote wawili. Mtangulize mama yako. Aende yeye, au atume neno: "Binti yangu amefika, anataka kuja kukuhani, siku gani utakuwa na nafasi?" Hapo mwenzako anapata haki ya kuchagua siku, au ya kusema hapana. Hiyo haki ni yake. Na mama naye akipewa kazi hiyo, utaona neno la nuksi halitarudi tena.

Vaa dera na mtandio, basi. Manukato, simu, mkoba uliomletea, viache nyumbani kwa siku nyingine. Chukua rambirambi kwenye bahasha, laki moja au mbili. Najua unazifikiria zile elfu ishirini na unapiga hesabu zimezaa kiasi gani. Acha hesabu hiyo, haina jibu. Ukimpa milioni utakuwa unamnunua, na yeye ataijua bei yake mpaka kwenye senti.

Ukishakaa, sema: "Nimekuja kukuhani. Nimechelewa miaka mitano. Nimekosa." Halafu nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo utakaposhindwa usipojihadhari. Utataka kueleza. Habari ya zamu ya usiku na wazee sita waliokufa mikononi mwenu ni ya kweli, na imenigusa, nimeisoma mara mbili. Lakini si ya siku hiyo. Ukiitoa mapema, dakika ya tano utakuwa wewe ndiye unayelia na yeye ndiye anayekubembeleza, na pole uliyoileta utarudi nayo nyumbani mwenyewe. Ngoja mpaka akuulize. Siku atakayokuuliza "hivi ilikuwaje hata usipige?", mweleze yote, na picha ya keki usiiache.

Anaweza kukwambia, "Hakuna neno, yamepita." Wewe ni mtoto wa Tanga, hukuzaliwa Leicester. Unajua kwamba "hakuna neno" ya kwetu inaweza kubeba maneno mia. Usishangilie na usibishane nayo. Tazama mikono yake. Akiinuka kuweka chai, kaa uinywe, hata kama ina sukari ya kukuua. Akibaki amesimama mlangoni akikuuliza mvua za huko, umeshapokelewa kiasi chake, mshukuru uondoke, na usimsemee vibaya kwa wale wawili. Akifoka, bora zaidi. Mtu hamfokei asiyemtaka tena.

Mimi niliwahi kuwa upande wake. Nilipofiwa na mume, rafiki yangu mmoja hakutokea. Alikuja mwaka wa pili, na embe kwenye kapu, akanikuta uani nafua. Nilikuwa na hasira nikaendelea kufua, sikumkaribisha hata kwenye kigoda. Alisimama pale muda mrefu. Nilipofika kwenye shuka, akaweka kapu chini, akashika upande wa pili, tukaikamua, tukaianika. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Sikumbuki alisema nini siku ile, sidhani kama alisema kitu. Embe nilizila zote.

Kama mambo yakienda, siku nyingine muulize juu ya hitima. Kumsomea mama hakuna muda uliopita. Uliza kwanza ndugu zake wanaonaje, kisha beba mchele na tende, usibebe uongozi.

Sasa kamati, kwa ufupi.

Milioni tano ni karibu pauni elfu moja na nusu. Kwa mshahara wa watunza wazee wa huko, pauni 12 na kitu kwa saa, ni karibu saa 120 za kuinua na kuogesha watu, kabla hata serikali haijachukua chake. Hesabu hiyo kaa nayo wewe tu. Usiipeleke kwenye grupu, hawataisoma, watasoma neno "pauni". Wenyewe pia wana hesabu hawajaipiga: milioni 18 kwa wageni 250 ni elfu sabini na mbili kwa kila kichwa, pamoja na vitoto vitakavyolala kabla ya keki.

Mpigie baba mdogo, yeye peke yake. "Shikamoo baba. Nashukuru kwa kunitanguliza kwenye orodha. Ahadi yangu ni milioni moja, nitaituma tarehe fulani, na begi la bibi harusi ni juu yangu." Itaje ile unayoiweza kweli, mimi nimetoa mfano tu. Atakwambia Ulaya kuna fedha. Rudia kiasi kile kile kwa sauti ile ile. Usieleze kodi ya nyumba, usieleze bili ya gesi. Ukieleza umefungua kikao, na kwenye kikao watu 64 wanakushinda.

Kwa nini begi? Kwa sababu ni haki yako wewe dada wa bwana harusi, na ni kitu kinachoonekana. Milioni ya kamati huyeyuka kwenye mapambo, lakini begi linapelekwa kwa vigelegele, linafunguliwa, kimoja kimoja kinainuliwa juu wanawake wakihesabu. Hakuna atakayesema dada wa Uingereza hakutoa. Viatu, mkoba na manukato njoo navyo. Doti za kanga, vitenge, udi na hina nunua Tanga, usijitwishe kilo za bure, tena wajuao watakuchagulia, maana kanga yenye jina baya ikiingia kwenye begi la harusi mtasemwa mpaka wajukuu.

Na mkiwa bado kwenye simu, muulize baba mdogo kama zile zawadi za desturi, mkaja wa mama wa bibi harusi na kilemba cha baba yake, zimo kwenye bajeti. Nisingeshangaa kusikia kuna droni na hakuna mkaja.

Raskazone nenda, kwa nini usiende. Ila mtakwenda wanne iwapo yeye mwenyewe atasema twende. La sivyo nendeni watatu na msimjadili. Na sema mapema kwamba samaki ni wako, soda kila mtu na yake.

Mwisho ni siku yenyewe. Wapishi wa shughuli huanza gizani. Kama siku ya tatu alikuwekea chai, basi alfajiri ya harusi, kabla hujakaa kwa mpambaji, zunguka nyuma ya nyumba uende kwenye masufuria. Usitangaze. Vuta kibao, ukae, uombe kisu. Mchele wa wageni 250 haupungui kilo arobaini na tano, na vitunguu vyake havimalizwi na mikono miwili. Tena penye vitunguu vingi namna hiyo hakuna atakayemuuliza yeyote kati yenu analia nini.

Bi Mkubwa